Mbu Kuanguka Si Mbu Kufa

Kila vyandarua vipya vinapogawiwa kusini mwa Tanzania, hukumu hutolewa asubuhi ya pili. Mtu anakunja chandarua, anachungulia sakafu chini ya kitanda, haoni mbu hata mmoja aliyelala chali, na kabla ya saa nne habari imefika kisimani: cha safari hii ni neti tupu, hakina dawa. Vile vya zamani, watu wanakumbushana, mbu akigusa tu anadondoka hapo hapo miguu juu. Maneno haya yako Mtwara na yako Lindi, na yamepata nguvu tangu vyandarua vya dawa mbili vianze kuingia nchini kuchukua nafasi ya vile vya dawa moja. Sambamba nayo kuna maelezo mengine, ambayo hata wataalamu huyatumia kwa uvivu: mbu wamezoea dawa. Hoja yangu ni kwamba kauli zote mbili zimejengwa juu ya kosa moja. Zinachukua kuanguka kwa mbu kuwa ndicho kipimo cha dawa, ilhali kuanguka ni tukio la umeme ndani ya neva zake, na kifo ni jambo jingine linaloweza kuja baadaye, au lisije kabisa. Baadhi ya vyandarua vipya vimewekewa dawa inayoua bila kuangusha. Anayevipima kwa jicho la zamani atavikuta vibovu hata siku ambayo vinafanya kazi barabara.

Tuanze na umeme wenyewe. Seli ya neva, iwe ya mbu au ya binadamu, hukaa kama betri iliyochajiwa. Nje ya utando wake sodiamu ni nyingi, ndani potasiamu ni nyingi, na tofauti ya volteji kati ya pande hizo mbili ni kama milivolti 70, ndani kukiwa hasi. Kwenye utando kuna milango midogo ya protini. Neva ikichokozwa, volteji ikapanda hadi kizingiti, milango ya sodiamu hufunguka kwa pamoja, sodiamu inamiminika ndani, na sehemu ile ya neva inageuka kuwa chanya kwa muda wa milisekunde moja hivi. Papo hapo mlango wa sodiamu hujifunga kwa komeo lake lenyewe, milango ya potasiamu inafunguka, na betri inarudi ilivyokuwa, tayari kwa wimbi jingine. Wimbi hilo fupi ndilo taarifa nzima. Hakuna wimbi kubwa la habari kubwa na dogo la habari ndogo. Kinachobadilika ni mawimbi mangapi yanapita kwa sekunde na kwa mpangilio gani. Mpangilio huo ndio unaoamua kama msuli utavuta kidogo, utavuta kwa nguvu, au utakakamaa. Kwa hiyo tabia ya mnyama, kuruka, kutua, kukimbia, kuuma, inategemea sana kitu kimoja kidogo: mlango wa sodiamu unafunguka lini, na unajifunga upesi kiasi gani.

Haya tunayajua kwa sababu ya ngisi. Jamii ya huyu huyu anayelazwa juu ya meza za feri Mtwara na kuuzwa kwa kilo ina neva ambazo kwa wale waliotumika maabara zinafikia unene wa nusu milimita hadi milimita moja, zinaonekana kwa macho matupu. Kazi ya neva hizo ni kukimbia. Ngisi akishtuka, umeme unapita humo, mwili wote unajikamua kwa mpigo mmoja, maji yanafyatuka, naye anachomoka kinyumenyume. Wavuvi wanaijua vizuri tabia hiyo. Kule Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliingiza waya mwembamba ndani ya neva hiyo, na mwaka 1952 wakachapisha hesabu za jinsi milango ya sodiamu na potasiamu inavyofunguka na kufungwa. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na John Eccles. Katika miaka hiyo ya 1960 Toshio Narahashi na wenzake, wakitumia neva nene za ngisi na za viumbe wengine wasio na uti wa mgongo, walionyesha kwamba sumu mbili tofauti kabisa zinafanya kazi kwenye mlango huo huo. Moja ni sumu ya bunju, samaki ambaye wavuvi wa pwani hii hawahitaji kuhadithiwa habari zake. Sumu yake huziba mlango wa sodiamu kama kizibo kwenye mdomo wa chupa: wimbi haliwezi kuanza, ganzi inaanzia midomoni, misuli inalegea, na mgonjwa anaweza kushindwa kupumua huku akili yake ingali timamu. Nyingine ni jamii ya pareto. Hiyo haizibi. Hutia kigingi, mlango ukifunguka usijifunge. Bunju hulegeza, pareto hutetemesha, na mwisho wa yote mawili mwili hauendi.

Pareto ni ua linalolimwa nyanda za juu kusini mwa nchi yetu. Dawa za vyandarua, yaani permethrini, deltamethrini na alfa-sipermethrini, ni ndugu zake waliotengenezwa kiwandani, na kwa jumla huitwa pairethroidi. Mtazame mbu jike wa Anofelesi, jamii inayoeneza malaria, anapofika kitandani. Joto na harufu ya aliyelala hupanda juu, kwa hiyo mbu hupapasa zaidi paa la chandarua kuliko kando zake. Anagusa, anaruka, anagusa tena, kila mguso ni wa sekunde chache tu. Dawa inaingia kupitia ncha za miguu. Neva iliyotakiwa kutuma wimbi moja sasa inatuma mfululizo, kwa kuwa milango yake haijifungi kwa wakati. Kwanza unaona kuhangaika: anasugua miguu, anaruka bila mwelekeo, na mara nyingi anaondoka kabla hajafikia tundu. Hatua hiyo peke yake ni kinga, japo hakuna aliyekufa. Kiasi kikizidi, miguu inatetemeka, mbawa zinavuma bila kumwinua, anadondoka chali na kuzunguka sakafuni kama pia. Kikizidi zaidi, hasa kwa dawa kali kama deltamethrini, milango hubaki wazi muda mrefu hata betri inakosa nafasi ya kuchajiwa upya, neva zinanyamaza, mbu anapooza. Kuanguka, basi, ni hatua ya katikati. Pale sakafuni hatima yake bado haijulikani. Akiweza kuivunja dawa upesi, milango itajifunga, atajigeuza, atapumzika ukutani, na usiku mwingine atarudi. Baadhi ya waliohesabiwa kuwa wameuawa na chandarua enzi zile walimaliziwa na sisimizi na ufagio wa asubuhi.

Hapa ndipo neno letu wenyewe linapotupoteza. Tunasema mbu wana usugu. Sugu ni ngozi ngumu ya kiganja cha mshika jembe. Hujengeka kwa mtu yule yule, kwa msuguano wa siku hadi siku, na mtoto wake hazaliwi nayo. Ukiisikia habari ya mbu kwa picha hiyo utaona mbu mmoja aliyekuwa dhaifu, akagusa dawa mara nyingi, akakomaa. Mbu porini huishi wiki chache tu. Hapati muda wa kuota sugu. Kilichotokea ni kwamba miongoni mwa mamilioni walikuwepo wachache waliozaliwa na badiliko dogo la jeni. Dawa ikawaua wenzao, wao wakabaki kutaga mayai, na vizazi kadhaa baadaye wachache wakawa wengi. Mabadiliko yenyewe ni ya namna mbili kuu, na kuyachanganya ni chanzo cha ushauri mbaya. La kwanza liko mlangoni penyewe. Katika mnyororo wa protini wa mlango wa sodiamu, kwenye nafasi inayohesabiwa kuwa ya 1014, asidi amino iitwayo leusini imeondoka na nafasi yake kushikwa na serini, aina iliyotambuliwa kwanza Kenya mwaka 2000, au na fenilalanini, aina iliyojulikana kwanza Afrika Magharibi. Kiungo kimoja tu kimebadilika, na kigingi cha pareto hakikazi tena. Mlango unaendelea kumhudumia mbu kama kawaida. Jambo la ajabu ni kwamba katika baadhi ya majaribio mbu wa namna hii, kwa kuwa hasumbuki mapema, hukaa juu ya chandarua muda mrefu zaidi na kubeba dawa nyingi zaidi kuliko yule dhaifu anayekimbia.

Namna ya pili haigusi mlango. Mbu anazalisha kwa wingi vimeng'enya, hasa vile vya kundi linaloitwa P450, vinavyoikatakata dawa kabla haijafika kwenye neva. Anopheles funestus, mmoja wa waenezaji wakubwa wa malaria kusini na mashariki mwa Afrika, anategemea hasa njia hii. Mwaka 2024 watafiti waliripoti badiliko la mlango kwa funestus wa Morogoro, ila liliambatana na kustahimili DDT, dawa ya zamani ya wadudu ambayo nayo hutia kigingi mlango huo huo, na halikuambatana na kustahimili deltamethrini. Mbu wa mlango uliobadilika na mbu wa vimeng'enya wote hawaanguki, nawe ukiwatazama kwa jicho huwezi kuwatofautisha. Lakini dawa ya kumshinda mmoja si lazima imshinde mwenzake.

Ndiyo maana kuna vyandarua vya dawa mbili, na ndiyo maana haviko vya aina moja. Cha kwanza kina pairethroidi pamoja na kitu kiitwacho kwa kifupi PBO. PBO yenyewe haiui mbu. Inavikaba vimeng'enya ili pairethroidi ifike salama kwenye mlango wa sodiamu. Mahali ambapo tatizo ni vimeng'enya, chandarua hiki hurudisha sehemu kubwa ya makali ya zamani, na mbu huanguka kama walivyokuwa wakianguka. Mahali ambapo mlango wenyewe umebadilika, faida inapungua. Cha pili kina pairethroidi pamoja na klorfenapiri, kwa kiwango cha miligramu 100 za alfa-sipermethrini na miligramu 200 za klorfenapiri kwa kila mita ya mraba. Klorfenapiri haina habari na neva. Inaingia mwilini mwa mbu ikiwa bado haijawa kali, na vimeng'enya vile vile vya P450 vilivyokuwa vikivunja pairethroidi ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu kamili. Silaha ya mbu inamgeukia mwenyewe. Sumu hiyo inakwenda kwenye vinu vya nishati vya seli na kuvifanya viunguze chakula bila kutoa nguvu, kama mashine ya kukoboa inayonguruma mkanda ukiwa umechomoka. Mbu hatetemeki wala hazunguki. Anaruka, anatua, anachoka, na kufa kwake kunaweza kuchukua siku moja hadi tatu. Kwa msomaji mwenye vyandarua vya aina zote mbili, kuna jambo la kuzingatia: PBO hukaba vimeng'enya ambavyo klorfenapiri inavihitaji. Kukitundika kimoja juu ya kingine ukidhani unaongeza nguvu kunaweza kuipunguza.

Waliodanganywa na kuanguka si wanakijiji peke yao. Kipimo cha maabara kilichotumika miaka mingi kinamweka mbu chini ya koni juu ya kipande cha chandarua kwa dakika 3, kinahesabu walioanguka baada ya dakika 60, kisha waliokufa baada ya saa 24. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya dawa za neva na kinazifaa. Klorfenapiri ikipimwa hivyo, mchana, mbu akiwa amepumzika, inaonekana kama maji. Inafanya kazi vizuri zaidi usiku, mbu akiwa anaruka na mwili wake unachoma nishati, kwa hiyo maabara hulazimika kutumia vyumba vya majaribio vya usiku kucha na kufuatilia vifo hadi saa 72. Kama wenye hadubini walihitaji kubadili kipimo, mtu mwenye tochi ya simu chini ya kitanda hana sababu ya kuona aibu kwamba alikosea.

Je, kuua taratibu kunatosha? Jibu liko kwenye mahesabu ya kimelea. Mbu akifyonza damu yenye malaria leo hawezi kuambukiza kesho; vimelea huchukua siku 10 au zaidi kukomaa ndani yake, na katika muda huo anarudi kutafuta damu kila baada ya siku mbili au tatu. Anayekufa siku ya tatu baada ya kugusa chandarua hafiki siku ya kumi. Ushahidi wa uwanjani uko hapa hapa nchini, wilayani Misungwi mkoani Mwanza, ambako aina nne za vyandarua zililinganishwa kwa miaka miwili na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Katika mwezi wa 24, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa kwenye maeneo ya vyandarua vya pairethroidi peke yake walikuwa na vimelea, dhidi ya asilimia 25.6 kwenye maeneo ya klorfenapiri. Kwa miaka yote miwili, visa vya malaria kwa watoto wa maeneo ya klorfenapiri vilikuwa pungufu kwa asilimia 44. Vya PBO vilianza vizuri lakini ubora wao ulififia kabla ya miaka miwili kuisha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya klorfenapiri mahali ambapo mbu wanastahimili pairethroidi. Misungwi si Masasi, na mchanganyiko wa mbu wa Kanda ya Ziwa hauwezi kuhamishiwa kusini kwa kalamu. Lakini mantiki ya kimelea na umri wa mbu haibadiliki kwa kuvuka Rufiji.

Wanaopinga wana hoja za uzito tofauti, na baadhi ni nzito kweli. Ya kwanza: chandarua kinachoua bila kufukuza upesi hakimlindi aliye ndani ikiwa kina matundu. Mbu atapita, atauma, kisha atafia mbali. Ni kweli, na ndiyo maana pairethroidi haikuondolewa. Imebaki kwa ajili ya wale ambao bado inawasumbua. Lakini pia ina maana kwamba faida ya vyandarua hivi ni ya mtaa kuliko ya kitanda. Nyumba tano kati ya hamsini haziwezi kupunguza mbu wa kijiji kizima, na aliyekigeuza chake kuwa uzio wa bustani au wavu wa dagaa anapunguza kinga ya jirani pamoja na yake. Ya pili ni nzito zaidi: mbu hauma kitandani tu. Katika mikoa yetu watu hukaa barazani mpaka usiku, na msimu wa mpunga kuanzia Kitere hadi bonde la Lukuledi kuna familia zinazolala kwenye madungu zikilinda shamba dhidi ya nguruwe. Hakuna milango ya sodiamu itakayofunguka kwenye chandarua kilichoachwa nyumbani. Chandarua kinaweza kutundikwa kwenye dungu, ni suala la nguzo nne na kamba, lakini saa moja jioni barazani hakina jibu, na anayedai kwamba dawa mpya itamaliza malaria peke yake anauza matumaini. Ya tatu ni muda. Kiwango cha kimataifa kinataka chandarua kihimili mafuo 20 na miaka mitatu ya matumizi, na dawa ya pili, PBO au klorfenapiri, hupungua kwa kasi kuliko pairethroidi. Kwa hiyo chandarua cha mwaka wa tatu kinaweza kuwa kimerudi kuwa cha dawa moja bila kubadilika rangi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosambaa kwa kasi kuliko zote: kwamba dawa inayovuruga neva za mbu itavuruga za mtoto, na kwamba degedege limeongezeka kwa sababu ya kulala ndani ya vyandarua. Ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ielezwe. Binadamu ana milango ya sodiamu, na pairethroidi inaweza kuigusa. Anayekumbatia chandarua kipya kilichotoka mfukoni, au mpuliziaji shambani asiyefunika uso, anaweza kuhisi mashavu yakiwaka na kutekenya kwa saa kadhaa. Huo ni mfululizo wa mawimbi kwenye neva za ngozi, kwa utaratibu ule ule unaomsumbua mbu, na mara nyingi huisha ndani ya saa 24. Osha kwa maji na sabuni, usisugue. Kisha tofauti zinaanza. Milango yetu inashikwa na dawa hiyo kwa udhaifu mkubwa kuliko ya mdudu, ini letu huivunja haraka, miili yetu ina joto la nyuzi 37 ambalo hupunguza makali ya pairethroidi, na kiasi kinachopita kwenye ngozi ni kidogo sana ukilinganisha na ukubwa wa mwili. (Paka hana bahati hiyo: ini lake huivunja permethrini kwa shida, kwa hiyo usimfungie na chandarua kibichi.) Na degedege lenyewe? Ni kweli kabisa kwamba ni ugonjwa wa umeme: seli nyingi za ubongo zinarusha mawimbi kwa pamoja, bila mpangilio, na misuli inafuata. Lakini linalozifikisha huko kwa mtoto wa kusini mara nyingi ni homa kali au malaria iliyopanda kichwani, yaani jambo lile lile ambalo chandarua kimewekwa kulizuia. Mtoto akianza, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu mdomoni, usimbane, na aende kituo cha afya moja kwa moja bila kupitia kwenye mafukizo.

Kuna upande mmoja ambao mjadala wa vyandarua kusini huukwepa, nao ni shamba. Mkulima wa korosho ana mbu wake mwingine, mbu wa mikorosho, ambaye kwa kweli si mbu, ni mdudu jamii ya kunguni anayefyonza machipukizi na maua na kuacha mabaka meusi. Dhidi yake hupuliziwa viatilifu, na vingi ni pairethroidi, kwa mfano lamda-sihalothrini. Salfa ya ubwiriunga haihusiki hapa. Ni dawa ya ukungu na haigusi neva ya mdudu. Lakini lamda-sihalothrini inatia kigingi kwenye mlango ule ule unaotegemewa na chandarua. Viluwiluwi vya Anofelesi vinavyokua kwenye dimbwi lililooshewa bomba la kupulizia hupata dawa kidogo, wachache wenye badiliko hubaki, na mbu anafika chumbani akiwa ameshachujwa. Nadhani tusiilaumu mikorosho kupita kiasi, kwa sababu upulizaji wake mwingi ni wa kiangazi, madimbwi yakiwa machache. Bustani za nyanya na mchicha za mabondeni, zinazopuliziwa karibu na maji mwaka mzima, zinanitia wasiwasi zaidi. Kwa vyovyote, mkulima anayebadilisha jina la chupa bila kubadilisha kundi la dawa hajabadilisha kitu. Vibandiko vingine vina namba ya kundi: 3A ni pairethroidi zote, 1B ni jamii ya profenofosi, ambayo huacha mlango wa sodiamu na badala yake huzuia taarifa isikome pale neva inapokutana na nyenzake, 4A ni kundi jingine tena. Mwuzaji wa pembejeo akikupa 3A mwezi huu na 3A ya rangi nyingine mwezi ujao, amekuuzia kitu kimoja mara mbili. Na maji ya kuoshea bomba yamwagwe shambani, mbali na kisima na mto. Pairethroidi ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na hilo linahusu pia anayefua chandarua mtoni.

Linalofuata kwa watoa huduma ni kuacha kugawa vyandarua kana kwamba vyote ni kimoja. Mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma ndiyo iliyoanza mwaka 2013 mpango wa kugawa vyandarua kupitia wanafunzi, kwa hiyo nyumba moja huku inaweza kuwa na vyandarua vya miaka mitatu tofauti, vyote vya buluu, vyote vinaitwa cha shule. Mwalimu anayegawa akiambiwa sentensi moja ya ziada, kwamba hiki hakitaangusha mbu usiku huu, atazuia porojo nyingi kuliko bango lolote. Na ufuatiliaji wa mbu usiishie kuuliza kama wanakufa au hawafi. Uulize ni mlango au ni vimeng'enya, maana jibu hilo ndilo linaloonyesha aina ya chandarua cha kuagiza kwa Nanyumbu na aina ya kuagiza kwa Kilwa.

Mwenye nyumba naye anaweza kujisomea. Kwenye ukingo wa chandarua kuna kitambaa kidogo kilichoshonewa. Tafuta majina mawili ya dawa, au herufi PBO, na kama ni jina moja tu basi ni cha kizazi cha zamani. Kikiwa kipya kianikwe kivulini saa 24, pasipo jua, kwa kuwa jua huvunja dawa. Kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida isiyo kali, bila dawa ya kung'arishia nguo, bila kupigwa jiweni, na kwa nafasi. Ukifua kila wiki utamaliza mafuo 20 ndani ya miezi mitano. Matundu ya paa yashonwe kwanza kabla ya yale ya kando, kwa sababu juu ndiko mbu anakopapasa. Kisha kitundikwe, kichomekwe chini ya godoro, na asubuhi usihangaike na tochi. Yule aliyekigusa usiku wa Jumatatu huenda bado anaruka Jumanne jioni, na Alhamisi yuko kwenye nyasi nyuma ya choo, ambako hakuna anayefagia.